Siku Niliyosimamisha Winchi

Binti yangu aliacha kazi Jumatatu, mimi nikaambiwa Alhamisi, tena na muuza mkaa. Naanza na hilo ili mjue mapema jinsi nilivyodharauliwa.

Nilikuwa nimeinama nachagua mkaa, nang'ang'ana asiniwekee vumbi, naye akasema bila hata kuniangalia, "Pole, bibi. Nasikia Mama Kola hayuko tena kiwandani."

Nikamwambia pima mkaa wako, mwache binti yangu. Leo asubuhi katoka nyumbani kwangu na mfuko wake begani, anakwenda kazini, mimi mwenyewe nimemfungia mlango. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejua kitu na anataka aombwe. "Sawa, bibi. Basi amepata kiwanda kingine, huko hewani."

Sikumuomba. Nilibeba mkaa wangu nikaondoka, lakini njia nzima miguu ilikuwa mizito na maneno yale yakinizunguka kichwani kama nzi. Huko hewani ni wapi?

Mama Kola ni jina alilopewa kiwandani, na sasa hata mtaani hakuna anayemwita vingine. Kiwanda kinashona sare za shule. Mle ndani hakuna anayeshona shati zima. Huyu ana mikono tu, yule ana mifuko, mwingine ana vitundu vya vifungo, shati linapita kwa watu wote hao ndipo linakuwa shati. Kola ndicho kiti cha heshima. Mfuko ukienda upande nani ataona? Lakini kola ikipinda, mtoto anaonekana hana mama. Kwenye cherehani ya kola nilikaa mimi, tangu nikiwa msichana mpaka macho yakagoma. Na yalipogoma sikumwachia mtu baki kiti kile. Nilimshika binti yangu mkono, nikapita naye katikati ya mistari ya mashine watu wote wakitazama, nikamkalisha. Nikamwambia msimamizi wa wakati ule, huyu hapa, mimi naondoka lakini kiti hakijaondoka.

Kola zile ndizo zilizomlelea watoto wake wawili. Mkubwa yuko shule ya bweni, mdogo wa kike tuko naye nyumbani. Baba yao alikwenda alikokwenda, na huko huko akae.

Basi jioni ile nikavuta kigoda mpaka mlangoni, nikamsubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Kazini."

"Kazi ipi?"

Akasimama na mfuko wake begani. Akanitazama, akajua. "Nani kakwambia?"

"Muuza mkaa."

"Yule naye mdomo wake!"

"Mdomo wake umefanya kazi ambayo wako umeshindwa. Haya, kaa. Nataka kusikia."

Hakukaa. Aliniambia akiwa amesimama, na pengine alifanya vizuri, maana kama angekaa ningemshika sikio. "Mama, naendesha winchi."

"Winchi gani?"

"Ile ndefu ya njano. Ya kwenye lile jengo linalojengwa karibu na stendi."

Jamani. Winchi ile inaonekana na mji mzima. Ukitoka nje kufagia unaiona, ukianika nguo unaiona. Nilikuwa naitazama kama ninavyotazama mwezi, kitu kipo tu huko juu chenyewe. Haikuwahi kunipitia kichwani kwamba ndani yake mna mtu. Na sasa naambiwa mtu huyo nimemzaa mimi.

"Bibi," mjukuu wangu akadakia akitoka jikoni, mashavu yamejaa, "mama anakaa kwenye kibanda juu kabisa! Kuna kiti, na vifimbo viwili vya kushika, na feni! Mtu akiwa chini anaonekana kama sisimizi!"

"Na wewe ulijua?"

Akameza. "Niliambiwa nisiseme."

Nyumba nzima ilijua, na muuza mkaa alijua, na mimi mwenye nyumba nakaa natwanga vitunguu saumu. Zile Jumamosi zote alizoniaga kwamba ana ovataimu alikuwa chuo cha ufundi anafundishwa kupandisha na kushusha vyuma. Nami nilikuwa namwekea chakula, namwonea huruma, nasema maskini mwanangu wanamuua na kazi.

"Lakini umekosa nini kwenye kola?" nikamuuliza. "Umetukanwa? Umefukuzwa?"

"Hapana, mama. Tangu uliponikalisha pale nimeshona kola. Sijawahi kushona shati hata moja likaisha. Nikifa watasema nini, marehemu alishona shingo?"

"Shingo hizo ndizo zilizokulisha."

"Ndiyo. Na nimeshiba."

Sikuwahi kujibiwa hivyo ndani ya nyumba yangu. Nikauliza tu, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kama kazi hiyo mpya ni ya kudumu. Akasema hapana, bado yuko kwenye majaribio. Jumanne inayofuata anakuja mkaguzi kumtazama akifanya kazi. Akimpitisha, kazi ni yake. Akimkataa, anashuka na hapandi tena.

"Na kiwandani?"

"Nimeshaaga."

Yaani kaachia tawi moja kabla hajashika lingine, na ana watoto wawili shingoni. Mimi si mtu wa kulia. Nilikwenda kulala na njaa.

Asubuhi nilijifunga mtandio wangu mzuri, nikaenda kiwandani. Msimamizi wa sasa ni mwanamke, tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuchoma kwake. Huyo nilimpokea mimi akiwa hajui hata kutia uzi. Alitoka getini kunipokea, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akanishika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama yangu. Najua kilichokuleta. Usijali kabisa. Kiti chake kipo, hajakaa mtu. Mwambie arudi kabla ya Jumanne jioni, mimi nitazungumza na wakubwa."

"Kweli?"

"Mama, mimi nikudanganye wewe?"

Nilirudi nyumbani nikitembea kama msichana. Nikamwambia binti yangu habari njema, kiti kipo, Jumanne jioni ndiyo mwisho. Alinitazama, mdomo ukafunguka, halafu akaufunga. Kisha akasema, "Mama, sirudi," akaenda kufua.

Haya. Kama ni ukaidi, basi amekutana na fundi wa ukaidi. Nikagoma kula chakula alichopika. Nikawa napika changu kwenye sufuria yangu ndogo, jiko hilo hilo, tunapishana kama magari. Salamu tunapeana, zaidi ya hapo hakuna. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa anabeba maneno.

"Bibi, mama anauliza kama umeona kisu."

"Mwambie mama yako, huyo aliyesimama hapo nyuma yako, kwamba kisu kiko mkononi mwangu na nikimaliza nitakiweka."

"Mama, bibi anasema..."

"Nimesikia."

Jumanne ikafika. Alitoka mapema, kavaa viatu vyake vizito. Mimi nilikaa, nikasimama, nikafagia palipokwisha kufagiwa. Jua lilipopanda nikatazama nje nikaiona ile winchi inazunguka polepole. Nikasema hapana. Leo namshusha kwa mkono wangu. Kiti kinamsubiri mpaka jioni, na mimi ndiye niliyemkalisha mara ya kwanza. Nikachukua kikapu changu ili nikimaliza nipitie sokoni, nikaenda.

Pale pamezungushiwa mabati. Getini mlinzi alikuwa anagombana na dereva wa lori. Alipoona kikapu changu akapunga mkono bila kunitazama usoni. "Mama, chakula mlango wa nyuma!" Sikumwambia kwamba sikuleta chakula. Nikazunguka, nikaingia mlango wa nyuma, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Mle ndani ni kelele tupu. Nondo zimechomoza kwenye nguzo kama nywele zisizochanwa, maji yametuama, wanaume wanapita na mbao mabegani wakipiga mayowe, gari la zege linazungusha tumbo lake. Nikatafuta mahali pa kusimama nikainua uso. Nilikuwa sijawahi kuitazama winchi nikiwa chini yake. Shingo iliuma kabla macho hayajafika mwisho. Juu kabisa kuna kibanda kama kiberiti, na kwenye kioo chake kivuli cha mtu. Kile kivuli nilikinyonyesha mimi.

Mkono mrefu wa winchi ulikuwa unazunguka na ndoo kubwa ya zege inaning'inia kwenye kamba ya chuma, ndoo ambayo watu kadhaa wangeweza kukaa ndani. Nikaita. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote. Hata aliyekuwa karibu nami hakusikia. Basi nikafanya kama anavyofanya mtu yeyote anapomwita aliye ng'ambo ya mto. Nikavua mtandio, nikainua mikono yote miwili juu, nikapunga.

Kila kitu kikasimama.

Sisemi kwamba kilipunguza mwendo. Kilisimama. Ndoo ikatulia hewani. Filimbi ikalia. Waliokuwa na mbao wakaganda na mbao zao. Gari la zege peke yake ndilo lililoendelea kunung'unika. Mimi nikajisemea, ameniona, ametii, na kifua kikanijaa. Halafu nikaona watu wote wamegeuka, na hawamtazami yeye juu. Wananitazama mimi.

Mtu mfupi mwenye kizibao chekundu, redio mkononi na filimbi shingoni, akaja mbio. "Nani kasimamisha?"

"Kasimamisha nini?"

"Winchi! Nani kapunga mikono?"

"Mimi hapa."

"Wewe nani?"

"Mama yake."

"Mama yake nani?"

"Mama yake huyo mliyemtundika huko juu kama nguo ya kuanika!"

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Yule mfupi, ambaye ndiye mpiga ishara, akajishika kichwa. Akaniambia kwa haraka, lakini kwa adabu, kwamba mle ndani mikono miwili juu ikipungwa maana yake ni moja tu, simama, kuna hatari. Ishara nyingine zote mwendesha winchi anapokea kutoka kwake yeye peke yake. Hii moja, anayeitoa ni mtu yeyote. Awe mhandisi, awe mfagiaji. Winchi inasimama hapo hapo.

"Sasa mama, umeona hatari gani?"

Mimi nimekuja kumwita mwanangu, naulizwa habari za hatari. Kabla sijapata jibu akaja fundi mkuu, jitu la miraba minne, jasho linamtiririka. "Ni nini hiki? Nani kamleta bibi humu? Mtoeni! Zege linaganda!" Akampokonya mpiga ishara redio. "Mama Kola, endelea!"

Redio ikakoroma, halafu ikatoka sauti. "Siwezi. Aliyesimamisha hajafungua."

Nilitazama redio, nikatazama juu. Sikuamini ni yeye.

"Ni mama yako tu, anakutafuta! Hakuna hatari yoyote!"

"Najua ni mama yangu, nimemwona. Siwezi mpaka afungue."

"Nakuamuru!"

"Utaniamuru nikishuka."

Wanaume wote wale wakavuta pumzi kwa pamoja. Nami nikavuta. Mpiga ishara akaniinamia sikioni. Akasema pale kwao kuna utaratibu, anayesimamisha ndiye anayefungua, lazima atamke mwenyewe kwamba hatari hakuna. Utaratibu huo uliletwa baada ya msimamizi mmoja kulazimisha kazi iendelee, na mtu akaumia. "Na mama, yule pale mwenye kofia nyeupe, aliyefunga mikono nyuma, ndiye mkaguzi. Binti yako yuko pabaya. Akisogeza mzigo kabla hujafungua, amevunja sheria mbele ya mkaguzi, kazi hana. Asiposogeza, zege likaharibika, fundi mkuu atamla mbichi, na pengine kazi hana vilevile. Yote yako mikononi mwako."

Nawaambieni kweli, nikafurahi. Kumbe nimepewa nilichokijia! Sina haja ya kupanda ngazi wala kubishana. Ni kusimama tu nilipo, nifumbe mdomo, jua lifanye kazi yake, na jioni binti yangu anarudi kwenye kola.

Nikasimama.

"Mama, fungua basi," mpiga ishara akasema.

"Bado natafakari."

"Mtoeni nje!" fundi mkuu akaunguruma.

"Anayetaka kunigusa aje," nikasema. "Nitapiga ukunga mpaka walioko sokoni waje na mizani zao." Vijana wakatazamana. Hakuna aliyesogea. Mkaguzi naye anaitazama ndoo tu.

Nikamwambia mpiga ishara anipe redio. Akanibonyezea kitufe. "Shuka!" nikasema.

"Mama, siwezi kushuka mzigo ukiwa hewani. Unaweza kuangukia watu."

"Kwa hiyo utakaa huko mpaka lini?"

"Mpaka utakapofungua."

"Na nisipofungua?"

"Nitakaa."

Nimemsikia mtoto huyu akilia, akicheka, akidanganya, akiwabembeleza wanawe. Sauti hii sikuwa naijua. Haikuwa na hasira, haikuwa na kuomba. Ilikuwa kama ya mtu aliyeshika kitu na anakijua uzito wake. Lakini bado nilikuwa na langu, nikataka wote wasikie. "Basi mnaona wenyewe," nikasema kwenye redio, "umesimama kwa sababu mimi ni mama yako."

"Hapana, mama. Hata angekuwa mlevi aliyepotea njia ningesimama."

Ilinichapa kama kofi. Wanaume wakaangua kicheko. Redio ikakoroma tena. "Ila mlevi ningemtukana kimoyomoyo." Wakacheka mpaka mmoja akaangusha ubao wake. Hata fundi mkuu alijifuta uso ili tusione.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama ndoo. Upepo ulikuwepo, mtandio wangu ulikuwa unapepea mkononi, vumbi linapita, na ndoo ile haikuyumba. Ilikaa pale hewani kama imewekwa mezani. Nikamfikiria aliyeko kwenye kile kiberiti, bosi anamfokea sikio hili, mama yake anamfokea sikio lile, anayemhukumu amesimama chini, na mkono hautikisiki. Nikajua kwamba anaposema atakaa, atakaa. Giza lingeingia na tungekuwa vile vile, yeye juu na mimi chini. Ukaidi ule naujua. Niliubeba tumboni miezi tisa.

Msiseme nilimhurumia. Niliona tu kwamba nikiendelea kusimama, kati yetu wawili mjinga si yeye.

"Inafunguliwaje?" nikamuuliza mpiga ishara.

Akanivuta pembeni hatua kadhaa, akanionyesha. Kiganja mbele, halafu unatamka. Nikatoa kiganja, nikasema kwenye redio, "Hatari hakuna. Na mpunguze kelele humu, watu wakiita hawasikiki."

"Nimepokea," akasema binti yangu. Nimepokea! Kwa mama yake! Ndoo ikaanza kusogea taratibu, ikapita, ikashuka pale walipokuwa wanaingoja, zege likamwagika likiwa bado laini.

Mkaguzi ndiye aliyenifuata. Alivua kofia yake nyeupe akanivika mimi, akaanza kwa kuuliza, "Mama, umeingiaje humu?"

"Kwa miguu."

Akamgeukia fundi mkuu, na maneno aliyompa kuhusu geti na mlango wa nyuma siwezi kuyaandika, maana yalikuwa mengi na mengine sikuyaelewa. Kisha akanirudia. "Huyu binti yako ukaidi ameutoa wapi?"

"Sijui. Labda kwa baba yake."

"Mwambie nimempitisha. Fundi mkuu alimwamuru mbele yangu, akakataa. Wengi hapo ndipo wanapoanguka, wanamwogopa bosi kuliko mzigo." Akachukua kofia yake, akaenda.

Nilibaki nimesimama na kikapu changu kitupu. Nimekuja kumtoa kazini, nimemwingiza. Sikumsubiri ashuke. Nilitaka jambo moja, kwenda kiwandani kabla ya jioni na kukirudisha kiti kwa mdomo wangu, asije mtu akasema familia yetu ilinyang'anywa. Nilishapanga na maneno. Kwamba tumekikalia vya kutosha, wampe wanayemtaka.

Mlinzi wa kiwandani ananijua, akanifungulia. Sindano hakuwa getini safari hii. Nikapita katikati ya mistari ya mashine, wanawake wananisalimu, naitikia, mpaka kwenye dirisha kilipo kiti chetu.

Kimekaliwa.

Msichana mwembamba, kainamisha kichwa, kola zimepangwa pembeni yake rundo zima. Anageuza ncha ya kola bila kutazama mkono. Na kwenye kiti ameweka mto wake mwenyewe, umeshabonyea katikati. Mto haubonyei vile kwa siku moja.

Nikamuuliza amekaa pale tangu lini. Akasimama kwa heshima. "Shikamoo, bibi. Tangu Jumatatu ile aliyoondoka Mama Kola. Yeye ndiye aliyenikalisha. Alikuwa ananifundisha kila muda wa chakula, mpaka akaona nimeweza."

Nikamwona Sindano anakuja mbio, anapangusa mikono. "Mama, usinielewe vibaya..."

"Uliniambia hajakaa mtu."

"Nilitaka tu uondoke getini ukiwa na amani, mama. Nilijua Mama Kola harudi. Angerudi ningemweka wapi?"

Nilishika mashine iliyokuwa karibu. Ina maana leo, nikiwa nimesimama kule na mtandio wangu, nimejivika ushindi, nilikuwa namshusha mwanangu nimpeleke wapi? Hapakuwa na kiti. Hakikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilitaka kumnyang'anya alichonacho nikampe kisichokuwepo. Sijui nilifikaje nyumbani, na sokoni sikupita.

Alirudi jua likiwa bado lipo. Akakaa kwenye ngazi ya mlango anagonga viatu vyake kuondoa zege lililoganda. Mjukuu alikuwa kwa jirani. Nikasimama nyuma yake.

"Nimetoka kiwandani," nikasema.

Akaacha kugonga.

"Kiti kina mtu. Na ni wewe uliyemkalisha."

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuniambia? Siku zote hizi napika kwenye sufuria yangu kama mpangaji, neno moja tu lingemaliza ugomvi."

"Ungekwenda kumtoa."

Nikafungua mdomo nikatae. Kumbe ni kweli. Ningekwenda kumtoa. Ningemshika mkono yule msichana, na mto wake, mbele ya kiwanda kizima, na ningesimulia mtaani kwa fahari.

"Ana mtoto mchanga yule," akasema. "Aliomba kazi muda mrefu."

"Na mkaguzi angekukataa leo?"

"Ningekuwa sina kazi."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema kesho mvua itanyesha. Nikalazimika kukaa, pale pale kwenye ngazi, ubavuni mwake, mimi ambaye sikai ngazini.

"Yaani ulipanda kule juu leo, ukijua kiwandani hakuna mlango wa kurudi, ukaniona nimekuja, ukaona napunga mikono, na bado ukamwambia bosi wako atakuamuru ukishuka?"

"Ulikuwa umesimama chini ya njia ya mzigo, mama. Ndoo ilikuwa inakuja upande wako. Hata usingepunga, ningesimama tu. Nilikuwa nimeshakuona."

Hilo hakuna aliyeniambia kule. Si mpiga ishara wala mkaguzi. Nikaona ile ndoo tena, ukubwa wake, na mimi chini na kikapu nimeinua uso. Nikamtazama mwanamke huyu anayekwangua zege kwa kijiti, nikamtazama vidole vyake, kucha zake, kama mtu niliyemkuta njiani.

"Viatu hivyo usiingie navyo ndani," nikamwambia.